Sharubati Isiyo na Tone la Maji

Mgeni akitajiwa Pemba, pua yake hutangulia kwenye karafuu, na hana makosa. Katika miezi ya kuchuma na kuanika kisiwa kizima hunukia hivyo, mikeka, nguo, hata mkate. Lakini pua yangu mimi ikiachwa iende itakako haiendi huko. Hurudi kwenye harufu mbili zilizokuwa zikikutana katika ukumbi wa nyumba yetu ya Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake: harufu ya mafuta ya taa yanayoungua taratibu, na harufu ya ganda la chungwa lililokwanguliwa sasa hivi. Harufu hizo hazina ujamaa. Moja ni ya taa na chombo cha chuma, nyingine ni ya mti na jua. Katika kipupwe kimoja cha mwishoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana mdogo wa skuli asubuhi na chuoni, kwenye Kurani, alasiri, ziliungana kwa muda wa majuma machache, na tangu hapo sijaweza kuzitenganisha.

Mafuta ya taa yalikuwa ya friji. Baba alikuwa karani wa afisi moja ya serikali mjini Chake, na Mzungu aliyekuwa mkubwa wake alipomaliza muda wake na kurudi kwao, alimwachia friji lake, kabati jeupe lenye miguu mifupi na mlango mzito uliofungika kwa mlio kama wa mtu anayemeza. Umeme ulikuwa haujafika Wawi. Friji lile lilikunywa mafuta ya taa: chini palikuwa na tangi na utambi, na juu ya utambi ulimi mdogo wa moto wa buluu, uliopaswa kuwaka mchana na usiku bila kuzimwa. Majirani walikuja kuutazama kwa zamu. Moto unawaka chini, maji yanaganda juu. Hakuna aliyeweza kutueleza, na Baba, ambaye alisoma maelezo yaliyobandikwa mgongoni mwa kabati hilo, alijaribu mara moja akaacha. Bibi, mzaa mama yangu, aliyekuwa akiishi nasi, alisema kwamba moto ulioamriwa kuwa baridi aliusikia kwa Nabii Ibrahimu peke yake, na kwamba hakutarajia kuuona katika ukumbi wa mkwewe. Hakulizoea. Bibi alikuwa na mwenendo aliourithi kwa wazee wake na kuutia nguvu kwa mafundisho ya dini: mtu halali, wala hatoki nyumbani, akaacha moto nyuma yake. Kila jioni alizunguka vyumba vyote akizima, na kila alipotoka kwenda kwa jirani alichungulia jikoni kwanza, akazifukia kaa jivu. Ilibidi aambiwe tena na tena kwamba moto wa friji umetengwa, haumo katika hukumu hiyo. Alikubali kwa kichwa.

Ili msomaji aelewe kwa nini kinywaji kiliweza kuwa na uzito nitakaousimulia, sina budi kuanza na ugomvi. Miaka ile watu wa kisiwa chetu walikuwa wakigomeana kwa ajili ya siasa. Wapo waliohama misikiti, na wapo waliosusiana maziko. Ugomvi wa nyumbani kwetu haukuwa wa jinsi hiyo. Mama alikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, dada yake, Bi Mwanaasha, ambaye sisi watoto tulimwita Mama mkubwa na ambaye alikuwa ameolewa katika mji wa Mkoani, kusini ya kisiwa. Bibi alipofiwa na mumewe alikwenda kuishi kwa huyo binti mkubwa. Kisha Mama akajifungua mdogo wangu. Bibi na Mama mkubwa wakaja Wawi pamoja kumlea mzazi, arobaini ikaisha, Mama mkubwa akarudi kwake, Bibi akabaki. Kwanza alisema atamngoja mtoto akae. Mtoto akakaa. Akasema atamngoja atambae. Mama mkubwa alipokuja kumchukua Bibi, dada na mdogo wake walianza kwa upole na wakaishia kwa ukali, na katika ukali huo Mama alitamka neno ambalo nadhani alilijutia kabla halijamtoka lote: "Kwako alikuwa akiteka maji mwenyewe. Hapa hateki." Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja. Ukweli ni kwamba Bibi aliteka maji kwa kupenda. Alishikilia kuwa mwanamke akinyang'anywa kamba ya kisima ameanza kuzikwa. Hilo halikusaidia kitu. Kumwambia binti mkubwa, mbele ya mama yake, kwamba alimtumikisha, ni kumvua nguo. Mama mkubwa alikuwa na kikombe mkononi. Alikiinamisha polepole, akayamwaga maji yaliyobaki kwenye mchanga wa ua, akasema bila kupaza sauti: "Basi, wallahi, maji ya nyumba hii sitayanywa."

Alikuwa binti mwema mno kuacha kuja kumtazama mama yake, na mcha Mungu mno kuvunja kiapo. Akaishi kati ya mambo hayo mawili. Alikuja na gari la abiria la Mkoani, kila alipopata nafasi, amebeba chupa ya maji aliyoiviringishia kitambaa kibichi ili yasipate moto njiani. Akifika, aliiweka chupa ile chini, karibu na tendegu la kitanda cha Bibi, mahali ambapo kila mtu aliiona na hakuna aliyeitazama. Mama alimwamkia, "Shikamoo, Dada," akaitikiwa "Marahaba," wakaulizana hali za watoto mmoja mmoja. Sinia la chakula liliwekwa mbele yake na likaondolewa kama lilivyokuja, kwa kuwa mwenye kula huhitaji maji, na yeye daima alikuwa "ameshiba tangu nyumbani". Aliikausha chupa yake kwa vifundo vidogo vidogo, kisha akaaga kabla ya alasiri. Hapakuwa na neno baya hata moja. Nilijifunza mapema kwamba adabu nayo inaweza kujengwa kama ukuta, jiwe juu ya jiwe, na kupakwa chokaa ikapendeza. Wahenga walisema, wagombanapo ndugu chukua jembe ukalime, wapatanapo chukua kapu ukavune. Majirani zetu walilima na wakapalilia, na wakati wa kuvuna haukuja.

Kipupwe hicho Mama alikuwa mja mzito tena. Mimba ilimlemea tofauti na zilizotangulia. Miguu ilimvimba, uso ukawa mzito, na mkunga, mwanamke wa maneno machache, aliagiza asiachwe peke yake na asiiname. Bibi alikuwa mzee. Shangazi zangu walikuwa Gando, kaskazini ya kisiwa, kila mmoja na nyumba yake na wagonjwa wake. Kwa mila yetu anayekaa na mzazi, akamkanda, akamchemshia, akamlinda mpaka arobaini yake itimie, ni mama yake au dada yake. Na dada alikuwepo, mwenye nguvu na ujuzi, safari ya asubuhi moja tu kutoka kwetu. Lakini mtu hawezi kulala katika nyumba ambayo hanywi maji yake. Sheria imefungua mlango kwa hali kama hiyo: kiapo kina kafara, mwapaji hulisha maskini akafunguka. Wote walilijua hilo. Baba alilitaja siku moja wakati wa kahawa, kwa sauti ya mtu anayejisemea, na Mama akamuuliza: "Nani atakayemwambia? Wewe?" Baba akarudia kahawa yake. Kumwambia Mama mkubwa atoe kafara ni kumwambia akiri kwamba hakustahili kuapa, na alistahili. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Naye Mama kila siku aliinyanyua miguu yake juu ya kiti cha kusukwa kwa miyaa, akanyonya ndimu kwa chumvi, akatazama barabara ya Mkoani bila kusema anatazama nini.

Aliyepata njia ni Bibi. Alasiri moja alijifunga buibui lake akanisindikiza chuoni, jambo asilolifanya kamwe, akaomba faragha na mwalimu wetu. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango na nilisikia. Mwalimu alimtaka ayarudie maneno ya kiapo kama yalivyotamkwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akamwambia kwamba kiapo hufuata kauli ya mwapaji na ada ya watu katika kuviita vitu: aliyeapa kutokunywa maji havunji kiapo kwa kunywa maziwa, wala kwa kunywa maji ya matunda yasiyochanganywa na kitu. Miaka mingi baadaye, nilipopata bahati ya kuisoma milango ya viapo katika vitabu vya fikihi kwa lugha yake ya Kiarabu, nilikuta wanazuoni wamelitawanya suala hilo katika matawi mengi sana, na kila nilipofika kwenye tawi jipya nilimwona Bibi amekaa juu yake. Maana tangu alasiri ile alikuwa fakihi wa jikoni. Alitangaza kwamba bintiye atapewa katika nyumba hii kitu cha kunywa ambacho hakina tone la maji ya nyumba hii, naye atakuwa shahidi wa kila hatua yake.

Angeweza kumkamulia machungwa tu. Lakini ada ya nchi yetu ni kuirefusha sharubati kwa maji, na hakuna mwenye akili ambaye angeamini, kwa kuangalia bilauri, kwamba yetu haikurefushwa. Ilitakiwa sharubati ambayo yenyewe ingejitetea. Hapo ndipo friji lilipoingia. Mama alikwisha kuona kwamba sharubati nyepesi ikigandishwa hugeuka jiwe lenye miiba, hukwaruza ulimi, kwa sababu ya maji yaliyomo; lakini kitu kizito chenye mafuta huganda laini, kikakaa kijikoni kama samli wakati wa baridi. Ulaini ndio ungekuwa ushahidi. Tena Mama mkubwa, hivyo alivyosimulia Bibi huku akicheka peke yake, tangu utotoni hakuwahi kulipita chungwa akaliacha, na alikuwa hajaonja kitu cha barafu maishani mwake.

Jaribio la kwanza lilikuwa la maziwa ya ng'ombe, na liliharibika mbele ya macho yetu. Mama aliyatia maziwa mabichi katika bakuli la kauri, akayamiminia maji ya machungwa na ndimu, na kabla hajaacha kukoroga maziwa yalikatika, yakawa mabonge meupe yanayoelea katika maji ya rangi ya majani makavu. Mdogo wangu alisema bakuli linaumwa. Bibi alionja, akatikisa kichwa, akasema kwamba hicho mtu anaweza kumpa adui, ndugu hapana. Tuliyachuja mabonge tukayala kwa sukari, na siku iliyofuata tukaanza upya kwa tui.

Nitaeleza kazi hiyo kwa utaratibu, kwa kuwa sijaona mahali ilipoandikwa. Nazi zilitoka Gando, kwa shangazi zangu, pamoja na madafu. Za uani kwetu Bibi alizikataa: minazi yetu, alisema, imesimama karibu na kisima, na hakuna ajuaye mizizi yake inakunywa wapi. Baba aliuliza kama minazi ya Gando haikunywa maji ya mvua ile ile. Akaambiwa kwamba mvua haina nyumba. Nazi zilikunwa kwenye mbuzi mpaka karibu na kifuu, lakini kifuu kisiguswe, kwa sababu chicha nyeusi hulitia tui uchungu. Kwa kawaida tui hukamuliwa kwa maji ya vuguvugu. Letu lilikamuliwa kwa maji ya madafu, kidogo kidogo, katika kifumbu kilichosukwa upya, na tui la kwanza tu ndilo lililotakiwa, lile zito linaloning'inia kabla ya kudondoka. Machungwa yalikwanguliwa ganda la juu kwa upande wa kisu, lile la rangi peke yake, na makwangu yake yakafikichwa kwa sukari mpaka sukari ikalowa na kunukia. Sukari hiyo haikuyeyushwa kwa maji, kama afanyavyo kila mtu, bali kwa maji ya machungwa yaliyopashwa moto hafifu kisha yakaachwa yapoe kabisa, maana tui likiguswa na moto nalo hukatika. Ndimu ilikuja mwisho, kwa matone, mtu akionja. Na vyombo vyote, kwa kuwa vilioshwa kwa maji ya kisima chetu, vilianikwa juani vikapinduliwa na kufutwa kwa kitambaa kikavu, na Bibi akapitisha kidole ndani ya kila kimoja. Nami nilikaguliwa mikono. Nilipewa kazi ya kufikicha sukari, na kila nilipotoka kunawa nililazimika kusimama uani nimeinyoosha mikono mbele yangu, kama mtu anayeota jua, mpaka Bibi aridhike.

Majaribio yaliyofuata yalifaulu kila moja kuliko lililotangulia. Siku aliyotarajiwa Mama mkubwa ilikuwa Ijumaa. Mchanganyiko ulitiwa katika mkebe wa maziwa ya unga wenye kifuniko cha kubana, ukaingizwa katika friji mara baada ya sala ya alfajiri, chini ya vijisanduku vya barafu vilivyokwisha kuganda tangu jana yake. Baba akaenda kazini. Asubuhi ile ile ikaja habari kwamba jirani yetu amefiwa, na mkono wa tanzia hauahirishwi. Mama akajikongoja kwa mwendo wa bata, mimi nikimshika mkono na mdogo wangu akifuata, na Bibi akatoka wa mwisho.

Msomaji amekwisha kujua. Bibi alizunguka vyumba, akachungulia jikoni, akazifukia kaa, na alipopita ukumbini akauona ulimi wa moto wa buluu. Kichwa chake kilikuwa na msiba wa jirani, na mazoea yana taabu: mkono ulizima wenyewe. Hakulijua alilofanya. Tuliporudi jua likiwa juu, tukakuta ukumbi hauna harufu, na mimi nilikuwa wa kwanza kuona kwamba hauna harufu. Mama alifungua mlango wa friji. Mkebe ulikuwa na baridi, lakini alipoutikisa ulisikika ukicheza kama mchuzi. Barafu katika vijisanduku ilianza kuyeyuka kingo. Kuuwasha moto ni jambo dogo, ila friji lile lilihitaji nusu ya mchana kupata nguvu zake, na gari la Mkoani lilikuwa karibu kufika. Mama alikaa kwenye kiti chake cha miyaa. Hakumlaumu mtu. Aliweka mikono juu ya tumbo lake na kusema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba huenda Mungu hakupenda, na kwamba atajifungua na mkunga peke yake kama wanavyojifungua wengine wasio na ndugu.

Bibi alikuwa amesimama mbele ya friji na kiberiti mkononi. Alisema: "Mungu hakuzima moto. Nimezima mimi. Basi sema tufanyeje."

Mama akakumbuka. Alipokuwa bibi arusi, Baba alimpeleka Unguja, na huko mjini alimwona muuza barafu ya maziwa akizungusha kopo ndani ya pipa la mbao. Aliona akimwaga chumvi kwenye barafu, akadhani mtu huyo ni mwendawazimu. Sasa aliagiza ndoo, barafu yote iliyobaki, na chumvi. Chumvi tulikuwa nayo tele, ya mawe, kutoka mashamba ya chumvi ya Gando. Tuliiponda barafu ndani ya gunia, tukaipanga katika ndoo, safu ya barafu na safu ya chumvi, tukaushindilia mkebe katikati. Leo najua sababu yake: chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka, nayo katika kuyeyuka hunyakua joto la kila kilicho jirani yake, hata baridi yake ikashinda ile ya kuganda. Siku ile niliona tu ndoo ikivaa ukungu mweupe kwa nje. Bibi alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akaushika mkebe kwa viganja viwili, akauzungusha kulia na kushoto, kulia na kushoto, midomo yake ikisoma. Alipochoka nikashika mimi. Vidole viliniuma, kisha vikafa ganzi. Kila baada ya muda Mama aliamuru tusimame. Alikipangusa kifuniko kwa upindo wa kanga mara mbili tatu, kwa kuwa maji ya chumvi ya ndoo yangepenya yangekiharibu kinywaji na kiapo kwa pamoja, akakifungua, akakwangua ubavuni kwa mwiko mkavu na kukoroga. Ilikuwa ikishika. Ilikuwa ikiganda laini kuliko ilivyopata kuganda ndani ya friji, kwa sababu haikupewa nafasi ya kutulia ikaota miiba.

Mama mkubwa alitukuta katika hali hiyo. Hatukulisikia gari. Alisimama mlangoni mwa ua na chupa yake mkononi, akamwona mama yake mzee amejikunja juu ya ndoo, na mdogo wake, na tumbo lile, ameinama na mwiko, jambo aliloagizwa asilifanye.

"Fatma, huyo mtoto utamzaa leo hapo?" alisema. "Kaa chini." Kisha, baada ya kuamkiwa: "Nini hicho?"

Bibi hakuzunguka. Alimwambia kuwa ni sharubati, na kwamba haina tone la maji ya nyumba hii. Nilikuwa mdogo, lakini nilifahamu kwamba hilo lilikuwa neno la kwanza kutamkwa wazi mbele yake juu ya kiapo tangu kilipoapwa. Kisha akaanza kuuliza, kama kadhi.

"Nazi za wapi?"

"Gando."

"Mmezikamua kwa nini?"

"Madafu. Ya Gando vilevile."

"Na sukari?"

"Imeyeyukia kwenye machungwa."

"Vyombo havikuoshwa?"

"Vimeanikwa, vimefutwa. Na mjukuu wako huyu," Bibi akasema akinionyesha, "wiki nzima anaanikwa kama dagaa."

Alikosea; mimi sikuwa mjukuu wa Mama mkubwa bali mwanawe, na hakuna aliyemsahihisha. Mama mkubwa aliitazama ndoo. "Na barafu hii?"

"Hiyo ya kisima chetu," Mama alisema. Ndilo lililokuwa neno lake la kwanza tangu salamu. "Lakini iko nje. Ina chumvi nyingi, Dada. Kama imeingia hata chembe, sharubati itakuwa ya chumvi."

"Na nikionja ikawa ya chumvi, nimeshavunja."

Wote wakageuka wakanitazama. Mama alikipangusa kifuniko kwa mara ya mwisho, akakifungua, akanipa ncha ya kijiko. Niliiweka ulimini. Kwanza ilikuwa baridi tu, baridi isiyo na ladha. Kisha ikalegea, likaja tui, likafuata chungwa, na nyuma yao ndimu ikapita kama sindano. Niliitafuta chumvi pande zote za mdomo wangu. Watu wazima watatu walisimama kunisubiri, nami sijawahi kabla wala baadaye kutoa ushahidi uliongojwa namna ile. Nilisema: "Haina chumvi, Mama mkubwa. Wallahi haina."

"Usiape, mwanangu," alisema. "Kuapa kuna kazi."

Akakaa kitako kwenye mkeka. Bibi akamjazia kikombe. Alikula kijiko cha kwanza akafumba macho, na Bibi akatazama pembeni ili asimwone. Kikombe kikaisha, na cha pili kikaisha. Mwishowe alikiweka chini, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeuliza jambo lisilomhusu: "Mmejitaabisha yote haya kwa neno langu moja?"

"Neno la kwanza lilikuwa langu," Mama alisema.

Kitu kitamu na cha baridi kina desturi ya kuacha kiu nyuma yake. Mama mkubwa alijilamba midomo; chupa yake ilikuwa palepale ubavuni, bado imejaa zaidi ya nusu, imefungwa kitambaa chake. Aliitazama. Kisha akanyoosha mkono mtupu upande wa mdogo wake. "Fatma," alisema, "nipe maji."

Mama hakuondoka. Alisema, "Dada, kiapo."

"Kafara ni yangu mie, haikuhusu. Toa maji, mwanamke, kiu imenishika."

Alikaa kwetu tangu Ijumaa ile. Baba alituma habari Mkoani kwa dereva wa gari, na nguo za Mama mkubwa zikaja kwa gari lilelile. Alitoa kafara yake mwenyewe, bila kumwambia mtu, kwa maskini aliowachagua yeye. Ndugu yangu wa kiume alizaliwa kabla ya miezi ya kuchuma kuanza, kwa uzazi mgumu uliowatoa jasho mkunga na Mama mkubwa kwa pamoja; mkunga alisema baadaye kuwa kwa mikono miwili peke yake asingemwokoa mama. Na arobaini ilipotimia Bibi aliamua, bila kuombwa, kwamba atakaa kipupwe Wawi na masika Mkoani, akawa anasafiri huku na huko kama jaji mwenye mahakama mbili mpaka alipofariki.

Wote watatu ni marehemu sasa. Mtu wa leo akitaka kitu cha kuganda hufungua mlango na kukitoa. Barafu haina tena wa kuishangaa, na sharubati ya tui na machungwa naiona ikiuzwa kandokando ya barabara ya Chake katika vikombe vya plastiki, imerefushwa kwa maji bila aibu, na watoto wanaipenda. Sina la kulaumu. Ninachokiona kimebadilika ni uzito wa maneno. Ndugu siku hizi hugombana kwa simu, wakatoka kwenye kundi la ukoo jioni na kurudishwa asubuhi, na mambo yakaendelea. Maneno yamekuwa mepesi, kwa hiyo ni mepesi kuyaokota. Kwa hao wa kwetu neno lilikuwa kama jiwe la msingi. Likishawekwa, halikuondoshwa, ilibidi nyumba yote ijengwe kulizunguka.

Mwaka huu nilimsimulia habari hii binti yangu, mwanamke mzima, mwenye watoto. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kwa nini hawakusameheana tu tangu mwanzo, wakaokoa muda na nazi. Nilimjibu kwamba walisameheana tangu mwanzo, huenda siku ile ile ya ugomvi, kabla mchanga wa ua haujakauka. Kilichowachukua muda ni kupata njia ambayo kila mmoja angeweza kuipita akiwa amesimama. Aliniangalia kama aangaliwavyo mtu aliyesoma vitabu vingi mno. Akasema, "Haya, Mama," akanibusu mkono, na akatoka nje kwenda kumpigia simu mdogo wake.